Désiré anapogeuka DÃ©sirÃ©: Kwa nini kompyuta huharibu majina, na namna ya kuyaokoa

Orodha imechapishwa na kubandikwa ukutani. Mstari wa kwanza ulipaswa kusomeka "République Démocratique du Congo", lakini umetoka "RÃ©publique DÃ©mocratique du Congo". Chini yake yapo majina: DÃ©sirÃ©, HÃ©lÃ¨ne, FranÃ§ois. Anayetafuta jina lake kwa macho huenda akalitambua. Karani anayelitafuta kwenye kompyuta kwa kuandika "Désiré" ataambiwa mtu huyo hayupo.

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, jambo hili lina uzito wake. Maisha ya watu hupita kwenye orodha: wanafunzi wanaoandikishwa mtihani wa taifa, walimu wanaosubiri mshahara, wagonjwa wa kituo cha afya, familia zilizokimbia mapigano ya makundi yenye silaha upande wa Salamabila na kusubiri msaada. Jina likiharibika kwenye faili, mwenye jina ndiye anayeulizwa maswali.

Wengi hudhani kompyuta imeingiwa na kirusi, wakafuta programu na kuiweka upya, au wakalipa fundi. Mara nyingi hakuna kirusi chochote. Chanzo huwa kimoja kati ya viwili: namna faili ilivyohifadhi herufi, au namna kibodi ilivyopangwa. Vyote viwili hutambulika kwa macho, na vyote vina dawa.

Kompyuta haijui herufi

Kompyuta huhifadhi namba tu. Ili iandike "K" lazima kuwe na makubaliano kwamba namba fulani ni K. Makubaliano hayo huitwa usimbaji wa herufi.

Usimbaji uliosambaa mwanzo ni ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963. Una nafasi 128 tu, ambazo zinatosha kwa herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Kwa bahati Kiswahili nacho kinatosha humo: hatuna herufi yenye alama juu yake. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuandika miaka mingi bila kukutana na tatizo hili.

Maniema ni tofauti. Nchini Kongo lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Barua moja ya ofisini huchanganya Kifaransa na Kiswahili, na majina ya ubatizo huja na é, è, ç na ï. Herufi hizo hazimo kwenye ASCII.

Nchi za Ulaya Magharibi zilipanua mpango huo hadi nafasi 256. Ndipo zilipokuja Latin-1 na ndugu yake wa Windows, anayeitwa Windows-1252. Humo "é" ni namba 233, na huchukua nafasi moja kwenye faili, yaani baiti moja. Lakini nafasi 256 haziwezi kubeba Kiarabu, Kichina, Kihindi na Kifaransa kwa wakati mmoja. Mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la Unicode, mpango wa kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Mwaka uliofuata, Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo ambayo leo ndiyo inayotumika karibu kila mahali kwenye intaneti.

Katika UTF-8, "é" huchukua baiti mbili: 195 na 169. Programu inayojua kwamba faili ni UTF-8 huzisoma pamoja na kuonyesha "é". Programu inayodhani faili ni Windows-1252 huzisoma moja moja. Kwake 195 ni "Ã" na 169 ni "©". Hapo ndipo Désiré anapogeuka DÃ©sirÃ©. Faili lenyewe ni zima, ila limesomwa kwa kanuni isiyo yake.

Alama tano za kumtambua mgonjwa

Kabla ya kugusa faili lolote, angalia limeharibika kwa sura gani. Kila sura inaeleza habari yake.

Ukiona "Ã©", "Ã¨" au "Ã§", faili ni UTF-8 lakini limefunguliwa kwa kanuni ya zamani. Hili ndilo linalotokea zaidi, na tiba yake ni rahisi: lifunge bila kuhifadhi, kisha ulifungue upya ukichagua UTF-8.

Ukiona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, "�", mambo ni kinyume. Faili ni la zamani, na programu inalisoma kama UTF-8. Hapa kuwa mwangalifu. Maadamu hujahifadhi, herufi za asili bado zimo. Ukihifadhi, kila herufi iliyoshindikana hugeuka kuwa almasi ileile. É, è na ç zote zinakuwa kitu kimoja, na hakuna programu itakayojua tena ipi ilikuwa ipi.

Ukiona alama ya kuuliza ya kawaida, kama "D?sir?", habari ni mbaya. Programu fulani njiani ilishindwa kubeba herufi hiyo, ikaitupa na kuweka "?" mahali pake. Dawa ni kurudi kwenye nakala ya kwanza au kwenye daftari la karatasi.

Ukiona visanduku vitupu, usiwe na hofu. Herufi zimo salama. Kilichokosekana ni fonti inayojua kuzichora. Badilisha fonti.

Na ukiona "ï»¿" mwanzoni kabisa mwa faili, hiyo ni alama ndogo ambayo baadhi ya programu huweka kusema "hili ni UTF-8". Haidhuru maandishi, ingawa inaweza kufanya jina la safu ya kwanza ya jedwali lisitambulike.

Kosa linalozaa makosa

Kinachoua faili nyingi ni kuhifadhi juu ya kosa. Mtu anafungua orodha, anaona "DÃ©sirÃ©", anaongeza majina matatu chini na kuhifadhi. Sasa herufi "Ã" na "©" zimekuwa sehemu halisi ya jina. Mwingine akiifungua vibaya mara ya pili, kila moja ya hizo nayo inagawanyika, na jina linakuwa "DÃƒÂ©sirÃƒÂ©".

Hesabu tu: Désiré lina herufi sita. Baada ya kosa la kwanza lina nane, na baada ya la pili lina kumi na mbili. Fomu inayoruhusu herufi kumi italikata jina katikati.

Mlango mkubwa wa kosa hili ni faili za CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu. Orodha zilizokusanywa kwa simu vijijini kwa kawaida hutoka zikiwa UTF-8. Mtu akibonyeza mara mbili faili hilo, Excel hulifungua bila kuuliza, na kwenye kompyuta nyingi hudhani ni Windows-1252. Zaidi ya hapo, Excel iliyowekwa kwa Kifaransa hutarajia nukta-mkato kati ya safu badala ya mkato, hivyo jedwali zima linaweza kujipanga kwenye safu moja. Mtu huona vurugu mbili kwa pamoja na kudhani faili limekufa.

Njia salama ni kufungua Excel ikiwa tupu kwanza, kwenda kwenye sehemu ya data, kuchagua kuleta faili la maandishi au CSV, na hapo kuchagua "65001: Unicode (UTF-8)" pamoja na alama inayotenganisha safu. LibreOffice, ambayo ni ya bure, huuliza maswali hayo yenyewe kila unapofungua CSV. Wakati wa kuhifadhi kwenye Excel, chagua aina iliyoandikwa "CSV UTF-8", si CSV ya kawaida.

Kwa maandishi mafupi, Notepad ya Windows inatosha. Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, Notepad huhifadhi kwa UTF-8 bila kuambiwa. Kompyuta za zamani, ambazo bado ni nyingi, huhifadhi kwa kanuni ya zamani mpaka ubadilishe mwenyewe. Kwenye Windows ya Kifaransa nenda "Enregistrer sous", kisha tazama chini kwenye "Encodage" na uchague UTF-8.

Kabambare iliyoandikwa "Kqbq;bqre"

Tatizo la pili liko chini ya vidole. Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji hadi 1960, na ofisi zake zilirithi mpangilio wa kibodi wa Kifaransa uitwao AZERTY, kwa jina la herufi sita za mwanzo upande wa kushoto. Majirani wa mashariki, Tanzania, Kenya na Uganda, hutumia QWERTY. Kompyuta iliyotumika Ulaya kabla ya kufika Maniema inaweza kuwa AZERTY. Iliyopitia Dubai, Dar es Salaam au Kampala kwa kawaida ni QWERTY.

Kompyuta haisomi herufi zilizochapwa juu ya vitufe. Inajua tu kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, kisha inatazama mpangilio uliowekwa ndani. Vitufe vikisema AZERTY na mpangilio wa ndani ukisema QWERTY, A na Q hubadilishana, Z na W hubadilishana, na M hupotea. "Wazazi" inakuwa "Zqwqwi".

Lakini M ndiyo inayotoa siri. Andika "Kabambare" uone. Ikitoka "Kqbq;bqre", yenye nukta-mkato, vitufe vyako ni AZERTY na kompyuta inadhani ni QWERTY. Ikitoka "Kqbq,bqre", yenye mkato, ni kinyume: vitufe ni QWERTY na kompyuta inadhani ni AZERTY. Neno moja linatosha kumaliza ubishi.

Tarakimu nazo husema. Kwenye AZERTY tarakimu za safu ya juu hupatikana kwa kushikilia Shift. Mwenye vitufe vya QWERTY na mpangilio wa AZERTY akiandika 2024 atapata "éàé'". Mwenye vitufe vya AZERTY na mpangilio wa QWERTY, akishikilia Shift kama alivyozoea, atapata "@)@$".

Hapa ndipo watu hufungiwa nje ya kompyuta zao. Nywila huonekana kama nukta tu, hivyo mtu haoni kwamba A yake imekuwa Q. Anaandika nywila sahihi mara tano na kukataliwa mara tano. Kabla ya kumwita fundi, tazama pembeni mwa skrini ya kuingilia kama imeandikwa FRA au ENG, na ubonyeze hapo kubadili. Ukiwa ndani, kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi hubadilisha mpangilio. Mara nyingi tatizo huanza pale vidole vinapogusa Alt na Shift kwa pamoja bila kukusudia, kwani nazo hubadilisha mpangilio kimyakimya. Dawa ya kudumu ni kufuta mpangilio usiotumika kwenye mipangilio ya lugha, ubaki mmoja unaolingana na vitufe.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui: AZERTY ya Ubelgiji si sawa na ya Ufaransa. Herufi nyingi zinalingana, ila alama zinatofautiana. Kwenye ya Ufaransa alama ya @ iko kwenye kitufe cha 0. Kwenye ya Ubelgiji iko kwenye cha 2. Mwenye vitufe vya Ubelgiji na mpangilio wa Ufaransa akitaka kuandika "Kasongo-Kabambare" atapata "Kasongo=Kabambare", na alama yake ya mshangao itatoka "_". Dawa ni kuchagua "Français (Belgique)" badala ya "Français (France)".

Ritifaa ndogo, usumbufu mkubwa

Kiswahili kina alama moja tu inayosumbua kompyuta: ritifaa ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Ukiandika kwenye Word, programu huigeuza ile iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni ileile, lakini kwa kompyuta ni namba mbili tofauti. Ndiyo maana ukitafuta "ng'ombe" kwenye faili unaweza kuambiwa halipo huku unalitazama. Faili hilo likifunguliwa kwa kanuni isiyo yake, neno hugeuka "ngâ€™ombe".

Word iliyowekwa kwa Kifaransa huongeza jambo jingine. Kwa desturi ya Kifaransa, huweka nafasi isiyokatika kabla ya alama za : ; ! na ?. Nafasi hiyo nayo ina namba yake, na ikisomwa vibaya huacha "Â" isiyo na mwenyewe: "JamboÂ !". Ukiona Â zimetapakaa kabla ya alama za mshangao na kuuliza, chanzo ni hicho. Anayeandika Kiswahili afanye mambo mawili: aweke lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, na azime mabadiliko ya alama za nukuu kwenye sehemu ya marekebisho ya moja kwa moja.

Kibangubangu, Kizimba na lugha nyingine za nyumbani

Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni, lakini Kabambare ni nyumbani kwa Kibangubangu, Kasongo kwa Kizimba na Kikusu, na jirani huko Pangi kuna Kilega. Wataalamu huonyesha toni za lugha za namna hii kwa alama juu ya irabu, A. E. Meeussen alichapisha maelezo ya kisarufi ya Kibangubangu mwaka 1954. Kilega kina irabu saba, na lugha zenye irabu saba mara nyingi huandikwa kwa herufi kama ɛ na ɔ, ambazo Lingala nayo huzitumia.

Herufi "é" ina namba yake moja katika Unicode. Lakini "ɛ́", yaani ɛ yenye alama ya toni ya juu, haina. Huandikwa kwa namba mbili, ya herufi na ya alama, na fonti ndiyo inayozipanga. Fonti duni huiacha alama ikielea pembeni. Hata "é" ya kawaida inaweza kuandikwa kwa njia mbili, kama herufi moja au kama e ikifuatwa na alama. Orodha mbili zilizotoka kompyuta tofauti zinaweza kuwa na Désiré wawili wanaofanana kabisa kwa macho na wasikutane kamwe kwenye utafutaji.

Miaka ya nyuma kabla Unicode haijaenea, waliochapa lugha hizi walitengeneza fonti za pekee ambamo kitufe cha alama fulani kilichora ɛ. Faili kama hilo likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo huonyesha alama za ovyo. Mwenye kamusi, hadithi au tafsiri ya aina hiyo asiitupe. Ajue tu kitufe gani kilisimama kwa herufi gani, kisha abadilishe moja moja kwa amri ya kutafuta na kubadili. Anayetaka kuandika lugha hizi leo anaweza kutumia Linux, ambayo ina mpangilio wa kibodi uliotengwa kwa ajili ya Kifaransa cha Kongo.

Kasongo ilishapitia mabadiliko ya herufi

Tatizo la herufi si geni Kasongo. Kabla ya majeshi ya Leopold kuuteka mwaka 1893, mji huo ulikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip. Alipoandika maisha yake, aliyaandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903.

Herufi za Kiarabu za asili hazina p, ch wala v, hivyo waandishi wa Kiswahili waliongeza nukta juu au chini ya herufi zilizokuwepo. Kompyuta nazo zilichelewa kufika hapo. Usimbaji wa zamani wa Windows kwa Kiarabu, Windows-1256, una پ ya p na چ ya ch, lakini hauna ڤ ya v. Mtu aliyetaka kuchapa neno "vita" alikwama kwenye herufi ya kwanza. Unicode ina zote tatu.

Ofisi ifanye nini?

Kwanza, nakala kabla ya matibabu. Usifungue faili lililoharibika bila kuhifadhi nakala yake pembeni, kwenye flashi au folda nyingine.

Pili, ofisi ikubaliane juu ya kanuni moja, na iwe UTF-8. Anayepokea faili kutoka nje alitazame kwanza kabla ya kuongeza chochote.

Tatu, orodha ya kubandikwa au kutumwa kwa WhatsApp itumwe kama PDF. PDF hubeba sura ya herufi pamoja nayo, hivyo itatoka ilivyo popote itakapochapishwa. Faili la kazi libaki kwa karani.

Nne, usitegemee jina peke yake. Wengi huandika majina yote kwa herufi kubwa bila alama, DESIRE, ili kukwepa matatizo. Inasaidia kuchapa, lakini kompyuta nyingi haziunganishi DESIRE na Désiré. Hata bila alama, Maniema ina majina yenye maandishi zaidi ya moja: Rajabu na Radjabu, Hassani na Assani, Hamisi na Amisi. Weka safu mbili, moja ya jina kama lilivyo kwenye hati na nyingine ya kutafutia isiyo na alama, na umpe kila mtu namba yake.

Tano, unapopanga kwa alfabeti, tazama mwisho wa orodha. Baadhi ya programu hupanga kwa namba za herufi, ambapo Z ni 90 na É ni 201. Élisabeth anaweza kukaa chini ya Zuberi, na msomaji akiishia kwenye E atasema hayupo.

Kurekebisha jina katika hati rasmi kunahitaji safari, muda na ada, na barabara za kusini mwa Maniema si za kwenda na kurudi siku moja. Kulinganisha orodha na daftari la karatasi kabla ya kuichapisha ni kazi ya saa chache. Karani akiona "Ã" hata moja kwenye ukurasa, asichape. Afunge faili bila kuhifadhi, na alifungue upya kwa UTF-8.